Bandari za Pasifiki za Meksiko: mazoea ya Diani yaache JKIA

Mtu wa Nairobi anayepanga kwenda miji ya bandari ya Meksiko upande wa Pasifiki haendi kujifunza joto. Minazi anaijua, madafu anayajua, na kuandamwa na wauzaji wa ufukweni amekuzoea tangu safari ya kwanza ya Mombasa. Ila mazoea hayo ya Pwani ndiyo huwaponza wengi: bahari ya kule ina tabia nyingine, pesa ina alama ya kukudanganya, na kiwanja cha ndege unachodhani ni kimoja ni viwili.

Tuanze na makaratasi. Pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Meksiko, isipokuwa uwe na viza ambayo haijaisha ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya nchi za Schengen, au ukaazi wa kudumu wa huko. Ukiwa na mojawapo, unaingia kama mtalii bila kuomba kingine. Usipokuwa nayo, ubalozi wa Meksiko uko hapa hapa Nairobi. Wanachopima zaidi ni uwezo wako wa kujilipia: taarifa za benki za miezi kadhaa mfululizo, barua ya mwajiri, hati za mshahara. Akaunti iliyolala mwaka mzima kisha ikajazwa wiki moja kabla ya miadi haimdanganyi mtu.

Kisha njia. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Walio wengi hupitia Amsterdam, Paris, Frankfurt au Istanbul, na kutoka huko kuna ndege hadi Mexico City. Kwa Amsterdam hesabu saa nane na nusu hivi za kwanza, halafu kama saa kumi na moja za kuvuka Atlantiki. Tiketi ya kupitia Marekani huonekana rahisi mpaka ukumbuke kwamba Marekani haina kupita bila viza, hata kama unabadilisha ndege tu na hutoki nje. Madrid nayo iulizie kabla ya kulipa, kwa sababu Hispania hudai viza ya kupita kiwanjani kwa baadhi ya pasipoti za Kiafrika ambazo Uholanzi haizisumbui. Abiria anayekwama hapa hukwamia JKIA, kwenye kaunta, sanduku likiwa tayari kwenye mizani.

Ukifika Mexico City, unachukua mzigo wako na kupita forodha hapo, hata kama kibandiko kinasema Puerto Vallarta. Unaukabidhi tena upande wa pili. Wanaosahau hufika pwani na begi la mkononi tu. Afisa wa uhamiaji anapogonga muhuri huandika idadi ya siku ulizopewa. Kikomo ni 180, lakini si lazima akupe zote, kwa hiyo soma namba ile kabla hujaondoka dirishani. Halafu angalia tiketi ya ndege ya ndani ina herufi gani. MEX ni kiwanja cha zamani, Benito Juárez, kilicho ndani ya jiji. NLU ni Felipe Ángeles, kilichofunguliwa Machi 2022, mbali kaskazini mwa jiji. Kati ya viwili hivyo kuna foleni ambayo mtu wa Mombasa Road ataitambua mara moja. Ndege za bei nafuu za ndani hupenda kutokea NLU. Ukiziona, acha angalau saa sita katikati au lala Mexico City. Jiji hilo liko mita 2,240 juu ya bahari, na wageni wengi hulalamika kuishiwa pumzi. Sisi tunaoishi karibu mita 1,800 hatuna cha kulalamikia.

Sasa, mji upi? Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye mipango ya watu ni kutaka kuanza Mazatlán kaskazini na kumalizia Huatulco kusini kwa siku kumi, kama vile mtu anavyopiga Mombasa, Malindi na Lamu kwa wiki. Ufuo huo ni mrefu mno. Mazatlán na Puerto Vallarta, ambazo kwenye ramani ni majirani, zimeachana kwa zaidi ya kilomita 400 na basi hula karibu siku nzima. Chagua ghuba moja, au mbili zilizounganishwa na ndege.

Kwa safari ya kwanza ningechagua Puerto Vallarta bila kufikiri sana. Imekaa ndani ya Bahía de Banderas, Ghuba ya Bendera, na neno hilo halitakupa shida: bendera yetu tuliipata kwa Wareno, nao Wahispania wana la kwao la ukoo huohuo. Milima imeikinga, ghuba ni kubwa, na kuanzia Desemba hadi Machi nyangumi wenye nundu huja humo kuzaa na kulea. Kwetu Watamu nyangumi wa aina hiyo huonekana Julai hadi Septemba. Wale hutoka kusini, hawa hutoka kaskazini, kila kundi likikimbia baridi yake. Kwa hiyo tiketi ya Agosti haitakuonyesha nyangumi Vallarta, hata mwenye boti akuapie.

Kwenye kiwanja cha ndege cha Vallarta, ukishachukua mzigo, kuna ukumbi wa watu nadhifu wenye beji wanaokuita kwa uchangamfu, wengine wakisema teksi yako wanayo wao. Wanauza hisa za nyumba za likizo. Zawadi ya ziara ya boti wanayokuahidi hulipiwa kwa asubuhi yako nzima ukisikiliza mauzo. Pita ukiangalia mbele kama unavyopita makanga wa Bus Station. Teksi za uwanjani hulipiwa kwa kanda, dirishani. Ukitaka nafuu, toka nje, panda daraja la miguu linalovuka barabara kuu, na upande wa pili utapata mabasi ya mjini na Uber kwa bei ya chini.

Kusini mwa mji, kijiji cha Yelapa hufikiwa kwa boti. Njia ya gharama ndogo ni kupanda basi hadi Boca de Tomatlán, kisha boti ndogo ya abiria, ile wanayoiita panga. Usiogope jina: panga ya huko ni mashua ya faiba yenye injini nyuma. Kaa nyuma. Mbele ndiko inakopiga maji, na mawimbi ya alasiri hupondaponda uti wa mgongo. Unaposhuka Yelapa, kabla hujaagiza kitu, uliza boti ya mwisho ni saa ngapi, kwa kuwa huondoka mapema kuliko mgeni anavyotarajia.

Mazatlán ni mji wa aina nyingine, bandari ya kazi yenye meli za kuvua kamba, kiwanda cha jodari na mji wa kale ulioachwa uishi. Ina njia ya kutembea kando ya bahari, malecón, ambayo ni kama kilomita 21. Ukumbi wa Teatro Ángela Peralta umepewa jina la mwimbaji wa opera aliyefika mjini hapo mwaka 1883 na kufa kwa homa ya manjano siku chache baadaye. Usafiri wa kuchangamka ni pulmonía, kigari kilicho wazi pande zote, binamu wa tuktuk mwenye magurudumu manne. Jina maana yake ni nimonia: vilipoanza mwaka 1965, madereva wa teksi za kawaida waliwatisha abiria kwamba upepo utawaua. Patana bei kabla ya kukaa. Kilima cha El Faro, chenye mnara wa taa juu yake mita 157 kutoka baharini, hupandwa kwa nusu saa. Panda kabla ya saa mbili asubuhi, maana kivuli njiani ni kidogo.

Manzanillo inaongoza Meksiko kwa makontena. Kama unapenda kutazama kreni, Kilindini ipo karibu zaidi.

Zihuatanejo ni mji mdogo katika ghuba tulivu, na Playa La Ropa ni kati ya fuo chache za Pasifiki ninazoweza kumwambia mzazi apeleke watoto. Acapulco ni jambo gumu. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2023 kimbunga Otis kiliingia kikiwa daraja la 5, baada ya kukua kutoka dhoruba ya kawaida kwa muda wa siku moja hivi, na kikaukwangua mji. Ukarabati umeendelea, ila si mji wa mgeni wa mara ya kwanza. Anayekwenda asikose ngome ya San Diego. Ilijengwa 1615 hadi 1617 kulinda merikebu zilizoleta hariri na viungo kutoka Manila, ikabomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 1776, ikajengwa upya. Fort Jesus yetu ilianza 1593, Ureno na Hispania zikiwa chini ya mfalme mmoja. Kuta nene zenye pembe zinazochomoza ili kukinga mizinga ni fikra ileile, katika bahari mbili.

Na kwa Mkenya, kusini mashariki mwa Acapulco kuna Costa Chica, nchi ya Wameksiko weusi, kitovu chake kikiwa mji wa Cuajinicuilapa. Jimbo lenyewe, Guerrero, limepewa jina la Vicente Guerrero, rais mwenye asili ya Kiafrika aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829. Katiba iliwatambua rasmi mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitaja hivyo. Usishangae ukisemeshwa Kihispania cha haraka Acapulco na mtu aliyedhani umetoka kijiji cha jirani.

Tuje kwenye bahari, maana hapa ndipo watu hufa.

Kutoka Diani hadi Watamu tumekingwa na mwamba wa matumbawe. Wimbi la Bahari Hindi huvunjikia kule nje, na linalofika ufuoni limeishiwa nguvu. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, unatembea mpaka karibu na mwamba ukiangalia samaki kwenye vidimbwi. Meksiko ya Pasifiki, sehemu nyingi haina ukuta huo. Maji hupanda na kushuka mita moja hivi tu, kwa hiyo usingoje kupwa, na wimbi lililozaliwa na dhoruba ya mbali huvuka bahari yote na kuvunjikia kwenye magoti yako. Ufuo wenyewe mara nyingi una mteremko: hatua tatu ziko kiunoni, ya nne haina chini. Mei hadi Septemba ndiyo miezi mawimbi ya kusini huwa makali zaidi. Majina nayo huonya. Olas Altas, ufuo wa mji wa kale Mazatlán, maana yake ni mawimbi marefu. Zicatela kule Puerto Escondido ni ya mabingwa wa kuteleza kwa ubao. Ukitaka kuogelea mji huo, shuka ngazi za ufuo wa Carrizalillo. Huatulco, yenye ghuba tisa, ina matumbawe na maji ya kutulia, na huko mtu wa Pwani atajiona nyumbani.

Cha kuogopa zaidi ni mkondo unaorudi baharini. Unautambua hivi: kati ya sehemu mbili ambapo mawimbi yanavunjika kwa povu, kuna uchochoro uliotulia, wenye rangi ya mchanga uliovurugwa, na takataka au povu juu yake linakwenda nje. Mgeni huuona uchochoro huo na kusema hapa ndipo pametulia, tuingie hapa. Ukishanaswa, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Hakuna mwogeleaji anayeushinda. Elea, inua mkono, acha ukupeleke, kisha ogelea sambamba na ufuo mita 30 hadi 50 hadi utoke, na urudi kwa pembe pale mawimbi yanapovunjika. Bendera za ufukweni ni sheria ya uhai: kijani sawa, njano tahadhari, nyekundu usiingie, nyeusi ufuo umefungwa. Na usiupe wimbi mgongo unapotoka majini. Shingo nyingi zimevunjikia kwenye maji ya magotini.

Kwenye fuo za mchanga mtulivu kuna samaki aina ya taa, wamejifukia wakisubiri kukanyagwa. Buruta nyayo badala ya kuinua miguu, nao watakimbia. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kujiunguza, nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda kliniki wakague kama kipande cha mwiba kimebaki. Barafu haisaidii, joto ndilo linalotuliza sumu yake. Jioni, karibu na mikoko, usubi huuma kuliko mbu, na San Blas kaskazini mwa Vallarta ina sifa mbaya kwa hilo. Na tofauti moja na kwetu: chandarua cha usiku hakitoshi, kwa sababu ugonjwa wa kuhofia ni dengi, na mbu wake huuma mchana. Paka dawa asubuhi.

Msimu wa kwenda ni Novemba hadi Aprili: mvua karibu hakuna, jua kila siku. Vimbunga vya Pasifiki ya mashariki huhesabiwa kuanzia Mei 15 hadi Novemba 30, na vibaya kabisa vimetokea Oktoba. Patricia ya tarehe 23 Oktoba 2015 ndicho kimbunga chenye upepo mkali kuliko vyote vilivyopimwa upande huo, kama kilomita 345 kwa saa. Bei za Septemba na Oktoba huwa chini kwa sababu hiyo hasa.

Pesa. Alama ya peso ni $, ileile ya dola, na menyu iliyoandikwa $250 imewashtua wengi bure. Hatari iko upande wa pili: kwenye ziara za boti, muuzaji akisema mia, hakikisha ni mia za nini. M.N. kando ya bei maana yake pesa ya taifa, yaani peso. Shilingi yetu haibadilishwi popote kule, kwa hiyo beba dola safi zisizochanika na kadi mbili za benki mbili tofauti. Mashine ya kutolea pesa itakuuliza kama unakubali kiwango chake cha kubadilisha. Kataa, pesa zitatoka tu, na benki yako ikubadilishie kwa nafuu. M-Pesa GlobalPay ni kadi ya mtandaoni: hulipia hoteli na tiketi, haitoi noti.

Umeme ni volti 127, na plagi ni ya vibapa viwili bapa. Chaja za simu na kompyuta hazina shida zikiwa zimeandikwa 100–240V. Pasi au birika la Nairobi litawaka, ila kwa kama robo ya nguvu yake, na utasubiri chai mpaka ukate tamaa. Liache nyumbani.

Saa: Vallarta na Acapulco ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tisa, Mazatlán kwa kumi. Nairobi ikiwa saa sita mchana, Vallarta ni saa tisa usiku. Wapigie wa nyumbani asubuhi yako, ndiyo jioni yao.

Usalama usiurahisishe wala usiukuze. Marekani imekuwa ikiwaonya raia wake wasiende majimbo ya Guerrero, Colima, Michoacán na Sinaloa, ikiruhusu sehemu za watalii kama Mazatlán kwa masharti. Soma maonyo mapya wiki ya kusafiri. Safiri mchana, na kwenye barabara za kulipia, zilizoandikwa cuota, ambazo mabasi ya daraja la kwanza hupita.

Lugha itakusaidia kuliko unavyodhani. Irabu za Kihispania ni zetu, a e i o u, bila hila. Ñ ni ny, ll ni y, j ni kh. Mkazo mara nyingi huwa silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, na alama ikiwepo, ifuate: Mazatlán hukazwa mwisho. Mhudumu hataleta bili mpaka umwambie la cuenta, por favor, kwani kuileta bila kuombwa ni kukufukuza. Bakshishi ni asilimia 10 hadi 15.

Kula aguachile ukiwa Sinaloa: kamba wabichi waliopasuliwa, wakamwagiwa maji ya ndimu yaliyosagwa na pilipili, juu tango na kitunguu chekundu. Ndimu haipiki kama moto wala haiui vijidudu vyote, hata nyama ikibadilika rangi, kwa hiyo ule mchana, mahali penye wateja wengi, kamba wakiwa baridi na bila harufu. Ukifika kati ya Machi na Septemba, kumbuka uvuvi wa kamba wa baharini hufungwa miezi hiyo. Wa sahani yako watakuwa wa kufugwa au wa friza. Samaki wa zarandeado, aliyepasuliwa mgongoni akafunguliwa kama kitabu na kuchomwa juu ya makaa, ni rafiki wa tumbo linaloogopa vibichi. Maji ya bomba usinywe.

Na kwenye malecón ya Vallarta, au kule jimbo la Colima, utamwona mtu amebeba kibuyu kikubwa begani, akiuza tuba. Ni utomvu wa mnazi. Wagema wa Ufilipino waliufikisha kwa merikebu zile za Manila, na jina limebaki lao. Mtu wa Kilifi akionja atasema ni tembo tamu, na ni kweli. Muuzaji huimimina kwenye glasi yenye barafu na vipande vya tofaa, kisha hunyunyiza karanga juu. Mgema wa huko ukimsifu hatii maji, anaongeza karanga. Inunue asubuhi. Kufikia alasiri imeshaanza kuchacha, na ikiachwa zaidi hugeuka siki.